Kwa mzee wa Heidelberg, Gerezani: tulikochapisha matoleo matano ya jarida la chuo

Mwaka huu vijana wa vyuo vitatu tofauti wameniuliza swali lilelile: "Dada, nyie jarida lenu mlikuwa mnachapisha wapi?" Huwa nawajibu kwa ujumbe wa sauti nikiwa kwenye daladala, na kila nikimaliza nakumbuka jambo muhimu nililoliacha. Leo naandika yote. Yeyote anayehangaika na jarida la wanafunzi asome hadi mwisho kabla hajatoa kianzio popote.

Tulichapisha kwa mzee mmoja maeneo ya Gerezani, Kariakoo. Ukishuka mwendokasi kituo cha mwisho unaingia mitaa ya nyuma, unawapita mafundi na wauza vipuri, kisha unafuata harufu ya wino. Ni nyumba ya zamani yenye uwani, mashine ziko ndani, rimu za karatasi zimepangwa kwenye korido mpaka juu. Ameniomba nisiandike jina wala namba yake, kwa kuwa ana mashine mbili na vijana wanne tu, na hataki kupokea kazi zitakazomshinda. Muulizie mzee wa Heidelberg (ndiyo aina ya mashine yake ya kuchapia), mtaa mzima unamjua.

Nilikuwa mweka hazina wa jarida letu kuanzia Oktoba 2018 hadi Agosti 2020. Daftari nililokabidhiwa lilikuwa na deni. Toleo la mwisho kabla yangu lilichapwa kwingine, na wenzangu walikubaliana bei kwa mdomo: shilingi 600,000. Siku ya kuchukua mzigo wakaambiwa bei ile haikuwa na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, waongeze asilimia 18, yaani 108,000. Hawakuwa nazo. Nakala zikalala pale siku 11 huku mhariri akizunguka hosteli kwa hosteli kuomba michango. Zilipotoka, mitihani ilikuwa imeanza, na mwanafunzi aliye kwenye mitihani hanunui jarida.

Kwa hiyo nilipofika kwa mzee Januari 2019 nilimwamkia, na kabla sijakaa nikamuuliza kama bei zake zina VAT ndani.

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza," akasema. "Nitakuandikia zote mbili, bila VAT na yenye VAT, ili usije ukashtuka."

Akachukua kitabu cha profoma, hati ya makadirio ya bei, akaandika kwa mkono, mstari baada ya mstari, huku akinieleza. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kumsifia. Wachapaji wengi niliowapitia walinitajia jumla tu: laki saba, laki nane, "tutaelewana". Ukipewa jumla huna pa kupunguza, unabaki kuomba. Ukipewa mchanganuo unaona hela inakwenda wapi.

Tulikuwa tunataka nakala 500, ukubwa wa A4, kurasa 32 za ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi kamili, yaani wino wa rangi nne. Profoma bado ninayo. Pleti, yaani mabamba yenye sura ya kurasa yanayofungwa mashineni, 13 kwa shilingi 12,000 kila moja, 156,000. Karatasi ya ndani ya gramu 80, pamoja na ziada ya kuharibika, 190,000. Karatasi ya jalada 60,000. Kuchapa, 14,000 kwa kila pleti, 182,000. Kukunja, kupiga pini na kukata, shilingi 120 kwa nakala, 60,000. Jumla 648,000. VAT 116,640. Jumla kuu 764,640.

Kisha akaniuliza tunauza shilingi ngapi. Nikamwambia 1,500, kwa kuwa wanafunzi hawawezi zaidi ya hapo. Akapiga kikokotoo, akakigeuza nione: 500 mara 1,500 ni 750,000.

"Ukiziuza zote, hata moja isibaki, unadaiwa 14,640. Na zote hamtaziuza."

Nilikaa kimya kwa muda. Wenzangu walikuwa wameendesha jarida kwa miaka wakiamini hasara inatokana na uvivu wa wauzaji. Vikao vizima tuligombana, watu walitupiana lawama, msichana mmoja aliyejitolea sana alijiuzulu akilia kwa kuambiwa hauzi vya kutosha. Kumbe hata angeuza mpaka nakala ya mwisho, tungebaki na deni. Nilisikitika sana siku ile, na nikamtafuta yule msichana jioni yake kumwonyesha karatasi.

Mzee akanifafanulia kitu ambacho naomba kila mhariri mwanafunzi akishike. Gharama ya jarida ina pande mbili. Pleti na kuiandaa mashine unalipa hivyo hivyo, uchape nakala 200 au 1,000. "Pleti haijui unachapa ngapi," alisema. Karatasi na kupiga pini ndivyo vinavyofuata idadi. Kwa jarida letu lile, nakala 200 zingegharimu 545,160 pamoja na VAT, yaani zaidi ya 2,700 kwa nakala moja. Nakala 1,000 zingegharimu 1,130,440, kama 1,130 kwa moja. Hapo ndipo wengi wanapotumbukia: wanaona nakala imeshuka bei, wanaagiza elfu moja, mia sita zinabaki chini ya vitanda vya hosteli.

Yeye hakunishawishi niagize elfu. Alichofanya ni kufungua faili letu na kuanza kuuliza. Kwa nini kurasa 32? Kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Makala zinajaza ngapi kwa kweli? Tukahesabu, tukatoa ukurasa wa salamu, ukurasa wa picha za kamati, shairi lililorudiwa kwa bahati mbaya. Zikabaki 24 zilizosheheni. Mashine yake inachukua karatasi ya A2, kurasa nne kila upande, kwa hiyo 24 zinaingia kwenye karatasi tatu bila kupoteza kitu. Mngeleta 26, alisema, mngelipia karatasi nyingine nzima. Kwa nini jalada lina rangi nne? Sikuwa na jibu. Akanitolea sampuli za majalada ya rangi mbili, nyeusi na moja ya ziada. Tukachagua rangi ya udongo. Ndani ya jalada tukaacha wazi.

Pleti zikashuka kutoka 13 hadi 8. Hesabu mpya ikawa 470,500, na VAT 84,690, jumla 555,190. Tuliokoa shilingi 209,450 kwa mazungumzo ya nusu saa na mtu ambaye kwa kutuelekeza hivyo alijipunguzia kazi yake mwenyewe. Na jarida likapendeza zaidi. Lile jalada la rangi ya udongo watu walilibandika ukutani.

Toleo hilo la Februari 2019 tuliuza nakala 318, sawa na 477,000. Tangazo la nyuma, la steshenari iliyo karibu na lango, lilileta 150,000. Tukabakiwa na 71,810. Ilikuwa mara ya kwanza daftari lile kuandikwa salio badala ya deni, na niliandika kwa kalamu ya bluu nikikaza mkono ili tarakimu zisitetereke.

Sasa huduma yenyewe.

Ubora wa kurasa za ndani ni mzuri kabisa. Herufi zinatoka kali, wino haupakazi vidole, pini zinakaa katikati ya mkunjo. Kukata kwake ni kwa mkono wa mtu anayejali: ukipanga nakala hamsini mezani, kingo zote ziko sawa. Picha za rangi ndizo tatizo. Heidelberg yake ni ya rangi moja, kwa hiyo jalada la rangi nne linapita mashineni mara nne, na karatasi ikisogea kidogo tu sura ya mtu inapata kivuli chekundu pembeni. Kama jalada lako ni picha ya mtu na unataka ngozi yake ionekane kama ilivyo, tafuta mwenye mashine ya rangi nne na ulipe zaidi. Yeye mwenyewe atakwambia hivyo ukimuuliza, lakini lazima umuulize.

Makosa yapo. Mei 2019 ukurasa wa 8 na wa 17 zilibadilishana mahali, na zile mbili hukaa bega kwa bega kwenye karatasi moja, kwa hiyo kosa lilikuwa la kupanga filamu ya pleti. Tuligundua nakala zote zikiwa zimeshapigwa pini. Kilichotuokoa ni dami: ile nakala ya majaribio aliyoikunja kwa mkono, mimi nikaipitia ukurasa kwa ukurasa na kutia sahihi. Dami ilikuwa sahihi, pleti ilikuwa na kosa. Aliichukua, akaitazama, akamwita kijana wake, na wakarudia karatasi ile kwa gharama yao. Siku mbili tulichelewa, hatukuongeza hata shilingi. Kama nisingetia sahihi, sijui tungezungumza nini. Tia sahihi, weka tarehe, piga picha kwa simu.

Agosti 2020 alituchelewesha wiki tatu, na kwa hili sikumwelewa na bado simwelewi. Nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi mkuu wa Oktoba, kila mchapaji Kariakoo alikuwa amezama kwenye mabango na vipeperushi vya wagombea. Sisi tulikuwa tumeshatoa kianzio. Alipaswa kutuambia mapema kwamba hataweza, tukaamua wenyewe. Kila tulipopiga simu tuliambiwa "kesho jioni". Toleo lilipotoka, wa mwaka wa tatu wengi walikuwa wameshafunga virago, na hao ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa. Kwa hiyo angalizo: usimpelekee kazi miezi ya kampeni, wala mwishoni mwa mwaka anapochapa kalenda na shajara. Ukilazimika, mwandikishe tarehe ya kumaliza kwenye profoma.

Lakini kuna Machi 2020, na hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu.

Tulichukua mzigo Jumatatu tarehe 16 Machi. Nakala 500, bei ileile ya 555,190, kianzio tulichokuwa tumetoa ni 300,000, tukabaki tunadaiwa 255,190 ya kulipa ndani ya wiki mbili. Tuliuza nakala 61 siku ile na kesho yake. Jumatano tarehe 18 serikali ikatangaza vyuo vyote vifungwe kwa sababu ya korona. Hosteli zikaanza kumwagika. Nilibaki na maboksi manne chumbani, mizigo yangu, na tiketi ya basi la kwenda nyumbani.

Nilimpigia simu nikiwa stendi. Sauti ilikuwa inanitetemeka, nilijua anadaiwa karatasi na wakala wake, na vijana wake wanalipwa kwa kazi. Nikamwambia nina 91,500 za mauzo, nazituma sasa hivi, nyingine sijui lini.

"Tuma hizo," akasema. "Nenda nyumbani salama mwanangu. Mkifungua tutaongea."

Hakupiga simu Aprili wala Mei. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Jarida lilikuwa limechacha: lina tangazo la mdahalo wa Aprili ambao haukufanyika, lina ratiba ya michezo iliyofutwa. Tukashusha bei hadi 500, tukauza nakala 210, ikapatikana 105,000. Zikabaki 58,690. Kamati tulikuwa watu kumi, tukachanga 6,000 kila mtu. Kwa mwanafunzi aliyekuwa akipewa 8,500 kwa siku ya kula na kulala wakati ule, sita elfu hazikuwa kidogo, na hakuna aliyegoma. Nilimpelekea Julai, taslimu, mkononi. Akanitolea risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ya kazi nzima, akanipa soda.

Nasisitiza jambo moja hapa, maana nimewasikia wengine wakisimulia kisa hiki kana kwamba mzee yule anakopesha. Hakopeshi. Utaratibu wake ni nusu mbele, na nyingine siku ya mzigo au kwa makubaliano ya maandishi. Alituvumilia kwa sababu matoleo matatu ya kabla tulilipa siku tuliyosema. Ukienda kwake na maneno ya "dada yule alipewa muda", utaniharibia mimi na utamkosea yeye.

Uwani kwake kuna mashine nzee ya stensili imefunikwa khanga. Siku moja nikisubiri kukatiwa jalada nilimsimulia habari za Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoanza mwishoni mwa 1969, enzi za stensili na rola. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Septemba 1970 walitoa toleo maalumu la insha ndefu ya Issa Shivji, na Novemba mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku. Kilichomgusa mzee ni nilipomwambia kwamba Zakia Meghji, miaka 36 baadaye, alikuwa Waziri wa Fedha. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi na wewe shika daftari vizuri," akaniambia, na hakuwa anatania. Alinifunulia ile khanga akanionyesha jinsi karatasi ya nta ilivyokuwa inavishwa kwenye rola, na jinsi ilivyokuwa ikichanika usiku wa manane ukabaki huna la kufanya ila kupiga taipu upya ukurasa mzima.

Yako mambo ambayo mchapaji hawezi kukusaidia, na ndiyo yanayoua majarida mengi. Serikali ya wanafunzi ilituahidi 200,000 tukazipata mwezi wa tano. Usiweke ahadi kwenye bajeti, weka iliyoingia. Matangazo ni hivyo hivyo: ile steshenari ilinizungusha miezi mitatu, "njoo Ijumaa, njoo Ijumaa", mpaka nikaanza kudai nusu kabla ya kupeleka faili kiwandani. Maduka tuliyowaachia nakala kwa mali kauli ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Niliacha nakala 40 duka moja, nikarudishiwa 28 zimekunjika majalada, mbili zimefungiwa maandazi. Tangu hapo tuliuza wenyewe, mkono kwa mkono, mlangoni mwa kumbi za mihadhara.

Na uza kwa kalenda ya bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi. Bumu likitoka unaweza kuuza nakala 150 kwa siku mbili. Likichelewa, rafiki yako wa karibu atakwambia atakusomea ya mwenzake. Mzee alilielewa hili kuliko sisi. Kuanzia toleo la pili, kabla ya kunipa tarehe, alikuwa anauliza: "Hela zenu zinatoka lini?" kisha anapanga mashine yake kurudi nyuma kutoka hapo.

Mambo madogo ya kujua ukienda. Anafungua saa mbili asubuhi, hufunga saa kumi na moja jioni, Jumamosi nusu siku, Ijumaa mashine zinasimama kwa swala. Baada ya saa kumi simu haipokelewi kwa sababu ya kelele. Hakuna mahali pa kukaa zaidi ya benchi moja, na wenye pumu wasikae ndani muda mrefu. Peleka faili la PDF lenye fonti ndani yake na ukingo wa milimita 3 wa kukatia, la sivyo kijana wa kompyuta anatoza 20,000 kulirekebisha. Unalipa kwa lipa namba au taslimu, na risiti unapewa bila kuomba.

Kwa huduma nzima nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza Agosti 2020.

Mwezi uliopita niliwapeleka kwake vijana wawili, mhariri na mweka hazina wa jarida jipya. Wanataka nakala 120 za kuanzia, kurasa 20. Amezeeka, miwani imeongezeka unene, mtoto wake wa kiume ndiye anayeendesha mashine sasa. Aliwaandikia profoma kama alivyoniandikia mimi, mstari baada ya mstari, kisha akaikunja bila kuwapa.

"Kwa nakala hizi pleti zitawamaliza," aliwaambia. "Nendeni kwa wenye mashine za dijitali, mtaa wa pili, wao hawatumii pleti. Mkifika mia tatu rudini."

Akampa mweka hazina ile profoma aende nayo, ili huko aendako ajue cha kuulizia.